Namba ya utambulisho si namba ya siri: Uswidi wanavyoitumia yao tangu 1947

Mkunga_Ughaibuni (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, vuteni viti.

Juma lililopita mama alinipigia kutoka Morogoro, na sauti yake haikuwa ya kawaida. Alikwenda kusajili laini kwa wakala wa barabarani, akataja namba yake ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, akaweka kidole. Akaambiwa mtandao unasumbua, aweke tena. Akaweka. Mara ya tatu hivyo hivyo. Aliporudi nyumbani jirani akamtia hofu: "Mtu akishaijua namba yako ya NIDA, umekwisha." Mama akaniuliza, "Mwanangu, sasa hii namba niifiche wapi?"

Nimekaa na swali hilo siku kadhaa, kwa sababu mimi naishi Göteborg, Uswidi, kazi yangu ni ukunga, na huku namba ya mtu haifichwi. Kutwa nzima watu wananitamkia namba zao. Ukitaka namba ya jirani yako unaiulizia mamlaka ya kodi, Skatteverket, na kwa kawaida unapewa, maana ni taarifa iliyo wazi kwa umma. Hata hivyo huwezi kuichukua namba hiyo ukaenda nayo benki ukatoka na hela za jirani. Iweje huku iwezekane na mama yangu kule akose usingizi?

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kushika. Namba ya utambulisho ni jina la mtu lililoandikwa kwa tarakimu. Kila ofisi inapoligeuza jina hilo kuwa namba ya siri, inampa mwizi mlango.

Nianze na ilivyoundwa, maana bila hapo hatutaelewana.

Uswidi ilianza kutoa namba hizi tarehe 1 Januari 1947, na inahesabiwa kuwa nchi ya kwanza duniani kumpa kila mkazi namba yake. Wenyewe wanaiita personnummer. Lakini kazi kubwa ilikuwa imefanyika zamani. Sheria ya kanisa ya mwaka 1686 iliwataka wachungaji waandike nani amezaliwa, nani ameoa, nani amezikwa, nani amehamia usharika na nani ameondoka. Walutheri wa Kagera na Kilimanjaro wanajua kitabu cha usharika ni kitu gani. Wapo wazee wetu wengi wasio na cheti cha kuzaliwa lakini cheti cha ubatizo wanacho. Namba ilipokuja ilikuta daftari lenye umri wa zaidi ya miaka 250. Daftari hilo likaendelea kushikwa na kanisa hadi tarehe 1 Julai 1991, lilipohamishiwa mamlaka ya kodi.

Kilichowasumbua ni majina kufanana. Nchi nzima ni akina Andersson na Johansson, kama sisi tunavyoweza kukuta akina Juma Hamisi wanne kwenye foleni moja ya zahanati. Namba ikaletwa ili Anna Andersson wa mtaa huu asilipishwe kodi ya Anna Andersson wa mtaa ule.

Ina tarakimu 10. Sita za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Kisha kistari. Kisha tarakimu tatu za kukutofautisha na wengine mliozaliwa siku moja, na ya tatu kati ya hizo huwa witiri kwa mwanamume na shufwa kwa mwanamke. Ya mwisho kabisa ni ya uhakiki, nitaiacha kwa wanaojua hesabu kuliko mimi. Zamani zile tarakimu tatu zilionyesha hata mkoa uliozaliwa. Utaratibu huo uliachwa mwaka 1990. Mtu akifika mwaka wa kutimiza miaka 100, kile kistari kinageuka kuwa alama ya kujumlisha, asije akachanganywa na mtoto mchanga. Kwenye mifumo ya kompyuta mwaka huandikwa wote, hivyo utakuta tarakimu 12.

Mgeni anayekuja kwa muda mfupi, au mtu mwenye shughuli Uswidi lakini si mkazi, hapewi namba hiyo. Anapewa nyingine ya uratibu ambayo inafanana nayo, ila siku ya kuzaliwa inaongezewa 60. Aliyezaliwa tarehe 12 anaandikwa 72. Ukiiona tu unajua huyu hayumo kwenye daftari la wakazi.

Naendelea posti ijayo, acha nimlaze mtoto.

Fundi_Simu

Asante kwa uzi, dada. Nauliza hiyo tarakimu ya mwisho. Nimewahi kuambiwa hata IMEI, ile namba ya kuitambulisha simu yenyewe, ina tarakimu moja ya hivyo. Ni kitu kile kile?

Mkunga_Ughaibuni

Nimerudi. Mkuu Fundi, ndiyo, nadhani Mwalimu akipita humu atakufafanulia vizuri.

Niseme kwanza namba inavyozaliwa, maana hapo ndipo ninapoiona kwa macho yangu.

Mtoto akizaliwa wodini kwetu, sisi ndio tunaotuma taarifa mamlaka ya kodi: muda, jinsia, mama ni nani kwa namba yake. Mamlaka inamwingiza kwenye daftari la wakazi na kumpa namba. Wazazi wana miezi mitatu kupeleka jina. Kwa hiyo mtoto wa huku ana namba kabla hajawa na jina. Mwanzoni ilinisumbua moyoni. Kwetu mtoto anasubiriwa siku ya saba, watu wanakaa, bibi anatajiwa jina la marehemu mumewe, machozi yanatoka. Huku namba imeshafika, jina bado linajadiliwa. Nilipozaa wangu wa kwanza huku, nilimwita kwa jina la babu yake tangu tumboni, ili jina litangulie.

Nilivyoizoea kazi ndipo nikaona faida yake. Mtoto amefungwa mkanda mkononi, mama naye wake. Kabla sijampa mtu dawa au kumwekea damu simwambii "wewe ni fulani, siyo?" Namwambia, "Nitajie jina lako na namba yako," kisha nasoma mkanda. Wodi inaweza kuwa na akina mama wawili wenye jina moja na wote wana upungufu wa damu. Hapo ile namba iliyo wazi kwa kila mtu inaokoa uhai, na inaweza kuokoa kwa sababu mgonjwa hana hofu ya kuitamka mbele ya watu. Fikirieni kama kila mgonjwa angekuwa anaing'ang'ania namba yake kama namba ya siri ya simu ya pesa.

Akiletwa mtu hajitambui na hana kitambulisho, hospitali inampa namba ya akiba mpaka ajulikane. Hakuna anayeachwa mlangoni kwa kukosa namba.

Baada ya hapo namba inamfuata mtu kila mahali: shule, kodi, chanjo, pensheni, leseni ya udereva. Ukihama nyumba, sheria inakutaka utoe taarifa ndani ya wiki moja. Unatoa taarifa mara moja tu, mahali pamoja. Mfumo unaoitwa Navet unazisambazia ofisi nyingine za serikali, na benki na kampuni zina daftari la anwani wanalolitumia kurekebisha kumbukumbu zao. Mimi nilihama mtaa mwaka juzi. Barua ya kliniki ya mtoto ikaja kwenye anwani mpya bila mimi kumwambia mtu wa kliniki neno. Kule nyumbani mama ameshapeleka picha za pasipoti, barua ya serikali ya mtaa na nakala ya kitambulisho kwenye ofisi ngapi? Kila ofisi inaanza upya kama vile haijawahi kumwona.

Mwl_Hesabu

Fundi_Simu, nakujibu. Ni kanuni ile ile, inaitwa kanuni ya Luhn, kwa jina la Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM aliyeombea hataza mwaka 1954 na kuipata 1960. Waswidi waliiongeza kwenye namba zao mwaka 1967 kompyuta zilipoanza kushika kazi. Kadi za benki nazo zinaitumia.

Tuchukue namba ya mfano maarufu huko kwao, ambayo waunda programu huitumia kwa majaribio: 121212-1212. Yaani mtu wa kubuni aliyezaliwa tarehe 12 Desemba 1912 (kwa umri wake leo kistari kingekuwa alama ya kujumlisha, ila hesabu haibadiliki). Weka pembeni tarakimu ya mwisho. Zilizobaki ni tisa: 1 2 1 2 1 2 1 2 1. Zidisha ya kwanza kwa 2, ya pili kwa 1, ya tatu kwa 2, hivyo hivyo hadi mwisho. Zao likizidi 9, jumlisha tarakimu zake; kwa mfano 18 inakuwa 1 na 8, yaani 9. Hapa kila moja inatoa 2, na jumla yake ni 18. Unauliza: ni ngapi niongeze nifike kwenye kumi kamili ifuatayo, yaani 20? Ni 2. Hiyo ndiyo tarakimu ya mwisho.

Sasa karani akosee aandike 121212-1312. Jumla inakuwa 19, kompyuta inatarajia 1 mwishoni, inakuta 2. Inakataa pale pale kabla dawa haijaandikwa kwa mtu mwingine. Kosa la tarakimu moja linanaswa lote. Kubadilishana nafasi kwa tarakimu mbili zinazofuatana kunanaswa karibu kote, isipokuwa 09 ikiwa 90 au kinyume chake.

Piga *#06# kwenye simu yako, hesabu tarakimu 15 za IMEI, uifanye hesabu hii mwenyewe. Kwa IMEI unaanzia kuzidisha kwa 1, kisha 2. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili huwa wanaifurahia sana.

Lakini muwe macho na jambo moja. Tarakimu ya uhakiki inakamata kosa la mkono. Haimkamati mwizi. Mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kutengeneza namba inayopita kwenye hesabu hii. Kujua kama namba ina mwenyewe, ni lazima uulize daftari.

Fundi_Simu

Nimeijaribu kwenye simu tatu zilizo hapa mezani kwangu, imetoka zote. Asante sana mwalimu.

Tabora_Mjini

Na wasiojua tarehe waliyozaliwa inakuwaje? Babu yangu anajua tu alizaliwa mwaka wa njaa.

Mkunga_Ughaibuni

Swali zito hilo, mkuu, na linawagusa watu wetu moja kwa moja. Wakimbizi wengi, Wasomali wakiwemo, walifika huku bila tarehe kamili, wakaandikwa tarehe 1 Januari au 1 Julai. Sasa tarakimu tatu zinatosha watu 999 tu kwa siku moja ya mwaka mmoja, na zimegawanywa nusu kwa wanaume nusu kwa wanawake. Kwa baadhi ya miaka siku hizo zilijaa. Suluhisho likawa kumsogeza mtu tarehe ya jirani ambayo bado ina nafasi. Kwa hiyo yupo mama ninayemfahamu kazini kwa sura ambaye tarehe yake ya kuzaliwa imechaguliwa mara mbili na watu wengine, na hakuna hata mmoja aliyekuwepo alipozaliwa.

Hili ni kosa la kuibebesha namba habari za mtu. Ukiweka tarehe na jinsia ndani ya namba, habari hiyo ikirekebishwa namba nayo inabidi ibadilike, na kila daftari linaloitumia libadilike. Wahindi waliliona hili mapema. Namba yao ya utambulisho, Aadhaar, iliyoanza kutolewa mwaka 2010 ina tarakimu 12 zisizosema lolote kuhusu mwenyewe, na ya mwisho tu ndiyo ya uhakiki. Nadhani wao ndio walifanya vizuri zaidi kwenye hili. NIDA yetu ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Yaani kila unapoitoa namba unatoa na umri wako, upende usipende.

Mzee_wa_Minneapolis

Mwanangu, umeandika vyema. Ngoja niseme ya huku Marekani, yanathibitisha hoja yako kwa njia chungu.

Namba ya hifadhi ya jamii huku ilianza kutolewa Novemba 1936 kwa kazi moja tu, kumbukumbu za mishahara kwa ajili ya pensheni. Haina tarakimu ya uhakiki. Kuanzia 1946 kadi yenyewe iliandikwa kuwa si ya kutambulishia mtu, na maneno hayo yakaondolewa mwaka 1972 kwa sababu hakuna aliyeyajali. Benki, hospitali, vyuo, wenye nyumba, wote wakaichukua. Kisha wakafanya kosa la pili lililo baya zaidi: wakaanza kuamini kuwa anayeijua namba ndiye mwenyewe. Unapiga simu, unaulizwa tarakimu nne za mwisho, ukizitaja wewe ndiye. Namba ile ile imefanywa jina na imefanywa ufunguo.

Kuna kisa cha mwaka 1938. Kampuni moja ya pochi huko Lockport, New York, iliweka kadi ya mfano ndani ya kila pochi ili mnunuzi aone kadi inavyoingia vizuri. Namba waliyochapa ilikuwa ya kweli, ya katibu muhtasi wa bosi mmojawapo. Kadi ilikuwa ndogo kuliko ya kweli, imepigwa chapa kuwa ni mfano. Hata hivyo mwaka 1943 watu 5,755 walikuwa wanaitumia namba hiyo kama yao, na kwa miaka yote ilihesabika kutumiwa na zaidi ya watu 40,000. Yule mama ikabidi apewe namba mpya.

Hawakuwa wezi wote hao. Walikuta namba, hakuna aliyewauliza daftari linasemaje, wakaiandika.

Kisauni_Kwetu

Hamjambo nyote. Mimi ni wa Mombasa. Nimeusoma uzi wote na nakubali mengi, lakini naomba mleta uzi asituoneshe daftari la serikali kama kwamba ni zawadi tu.

Sisi Kenya mpaka leo twaita kitambulisho "kipande". Jina hilo lina kidonda. Sheria ya mwaka 1915 ya kuwasajili wenyeji ndiyo iliyomlazimu mwanamume Mwafrika kutembea na karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la tajiri anayemfanyia kazi na mshahara wake, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Ukitoroka shamba la mzungu, kipande chakukamatisha. Harry Thuku, mpigania haki za Waafrika, na wenziwe walipoanza kupaza sauti mwaka 1921, kipande kilikuwa katika malalamiko yao ya mwanzo. Mwezi Machi 1922 watu walipigwa risasi Nairobi wakidai aachiliwe. Babu zetu waliijua namba kabla ya Waswidi, ila waliijua kama mnyororo.

Ndiyo maana Huduma Namba, namba moja ya kumsajili kila mtu Kenya, ilipoletwa mwaka 2019 wengine tulisimama. Wanubi, ambao wamekuwa wakipekuliwa asili yao kila wakiomba kitambulisho, walikwenda mahakamani pamoja na mashirika ya haki. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ikazuia kukusanya chembechembe za DNA na mahali mtu aishipo kwa satelaiti, na ikataka kuwe na sheria kamili kwanza. Oktoba 2021 mahakama ikasema tena kuwa kadi zilitolewa bila kupima athari kwa usiri wa watu kama sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inavyotaka. Daftari zuri la nani? Asiyeingizwa hufanywaje? Hayo ndiyo maswali yangu.

Mkunga_Ughaibuni

Kaka wa Kisauni, umenigusa na sina la kukupinga. Uliyoyasema yanazidi yangu kwa uzito.

Nikuongezee ya hapa hapa, ili nisije nikaonekana nawapamba Waswidi. Mwaka 2013 gazeti moja la huku lilifichua kuwa polisi wa Skåne, kusini mwa nchi, walikuwa na orodha ya zaidi ya watu 4,000, wengi wao Waroma (wale waitwao Wajipsi), wakiwemo watoto wadogo na watu waliokwisha kufa. Wengi hawakuwa na kosa lolote. Waliingizwa kwa kuwa ni ndugu wa fulani. Katika nchi ambayo kila mtu ana namba na daftari linaonyesha mzazi wa nani ni nani, kuchora ukoo mzima ni kazi ya mchana mmoja.

Na majirani zetu Rwanda. Wabelgiji ndio walioanza kuandika kabila kwenye vitambulisho katika miaka ya 1930, na mwaka 1994 kadi hiyo hiyo ilitazamwa kwenye vizuizi vya barabarani kuamua nani afe. Kadi yenyewe haikuua mtu, lakini ilimrahisishia muuaji kazi. Kwa hiyo nakubaliana nawe kabisa: kabla ya kuuliza namba ina tarakimu ngapi, tuulize daftari lina safu zipi. Kabila halina kazi humo. Dini haina kazi humo.

Kuhusu asiyeingizwa, hilo nimelionja. Nilipofika huku nilikaa wiki nyingi bila namba. Kanuni ni kwamba uwe unatarajia kuishi nchini mwaka mmoja au zaidi, na karatasi zangu zilikuwa zinasubiri. Benki moja haikunifungulia akaunti. Laini ya simu ya mkataba sikupata. Mwajiri alikuwa tayari kunilipa, lakini hakuwa na pa kupeleka mshahara. Nilikuwa na pasipoti halali mkononi, na bado kila dirisha nililofika fomu ilikuwa na kisanduku kimoja nisichoweza kukijaza. Nililia kwenye basi siku moja, nasema kweli. Nchi inapojengwa juu ya namba, aliye nje ya namba yuko nje ya nchi hata akiwa amesimama katikati yake.

Tabora_Mjini

Sasa dada, turudi kwa mama yetu. Kama namba iko wazi huko kwenu, wezi wanazuiliwa na nini?

Mkunga_Ughaibuni

Ndiyo swali lenyewe.

Wanazuiliwa na ukweli kwamba kutaja namba hakukupi kitu. Namba inasema unadai kuwa nani. Kisha unatakiwa kuthibitisha kwa kitu kingine. Dirishani ni kitambulisho chenye picha, na karani anatakiwa akutazame usoni. Mtandaoni ni BankID, kitambulisho cha kielektroniki kilichoanzishwa na mabenki mwaka 2003, ambacho siku hizi karibu kila mtu mzima anacho kwenye simu. Unaandika namba yako, simu yako inauliza namba yako ya siri au uso wako, na hiyo namba ya siri hakuna ofisi inayoijua. Jina na ufunguo ni vitu viwili, na kila kimoja kinakaa kwake.

Sheria nayo ipo. Uswidi ilitunga sheria ya data mwaka 1973, ya kwanza ya kitaifa duniani, na hata leo kampuni haitakiwi kushika namba yako bila ridhaa yako ila pale ambapo kuna sababu ya wazi ya kukutambua kwa uhakika. Uwazi wa daftari haumaanishi kila duka liandike namba yako ukutani.

Wezi hawajaisha, lakini. Mchezo wao mkubwa huku ni kumpigia simu bibi wa miaka 80, kumsomea namba yake na anwani yake, wakajifanya watu wa benki. Bibi anasema moyoni, huyu ananijua. Wanamwambia afungue BankID yake athibitishe, naye anathibitisha, fedha zinaondoka. Hapo uwazi wa namba umewasaidia wezi kuaminika, lazima nilikiri. Lakini tazameni: hata hapo namba peke yake haikutosha. Walihitaji bibi mwenyewe ageuze ufunguo.

Sasa mama. Tanzania laini inasajiliwa kwa alama ya kidole inayolinganishwa na kumbukumbu za NIDA. Mnakumbuka foleni za Desemba 2019 na Januari 2020, muda ulipoongezwa hadi tarehe 20. Kidole ndicho ufunguo. Namba aliyoitaja mama kwa wakala haikuwa hatari yake kubwa. Hatari ilikuwa kile kidole cha pili na cha tatu. Kila kidole kinaweza kuwa laini nyingine inayosajiliwa kwa jina lake, ikauzwa kwa mtu wa "tuma kwenye namba hii". Jirani alimwambia afiche namba. Mimi nimemwambia afiche kidole.

Mtandao ukigoma, mwambie wakala akuoneshe kioo. Usiweke kidole mara ya pili bila kuona kilichoandikwa pale. Na ubaya wa kidole ni huu: namba ya siri ikivuja unaibadilisha jioni hiyo hiyo. Kidole kikivuja utakibadilisha na nini?

Fundi_Simu

Kweli tupu. Na wote humu, pigeni *106# mfuate maelekezo, mtaona laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chako, waiondoe. Watu wengi hawajui kuwa hii huduma ipo, na ni haki yao.

Kisauni_Kwetu

Hata huku kuna njia ya kuangalia kwa kila mtandao. Nimeangalia sasa hivi nikiwa nasoma uzi huu. Ni zangu zote, alhamdulillahi. Dada, twambie mama alikuta nini.

Mwl_Hesabu

Nami nasubiri. Ila niseme kidogo kuhusu nakala. Shuleni kwetu kila mwalimu mpya anatoa nakala ya kitambulisho, na kuna kabati zima la nakala hizo, mlango haufungi. Nimemwambia mkuu wa shule leo. Tangu Mei 2023 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi, na hatuwezi kuendelea kufunga mihogo kwa nakala za vitambulisho vya watu. Ameagiza kufuli.

Mkunga_Ughaibuni

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa zamu ya usiku.

Mdogo wangu alikwenda jana kwa mama, wakapiga *106# pamoja. Mama ana laini moja, ile ya miaka yote, na hii mpya aliyosajili juma lile. Walikuta nne. Mbili hazijui, na zote ni za siku ile ile.

Leo asubuhi wamekwenda dukani na kitambulisho chake. Aliyewahudumia ni binti mdogo, mama anasema alikuwa na adabu sana, akamwamkia, akamkalisha, akamwonyesha kwenye kioo moja baada ya nyingine na kumuuliza, "Hii ni yako, bibi?" Zile mbili zimefungwa mbele yake. Kidole aliweka mara moja tu.

Amenipigia akiwa njiani kurudi, upepo unavuma kwenye simu. Akanitajia namba yake yote ishirini kwa sauti, pale pale stendi, ili niiandike kwenye daftari langu endapo atakipoteza kitambulisho. Nimeiandika.